Kijana aliyegongana na boda akienda shule: kisa kizima, na sisi tulikosea wapi

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku magharibi ya Uganda, kwenye barabara ya lami inayoenda mpaka wa Kongo. Shule siitaji, kijiji sikitaji, kijana simtaji, na vitu viwili vitatu nimevigeuza makusudi ili mtu asimjue. Kilichobaki ndo kilichotokea. Nakiandika chote kwa sababu mwanzoni tulikifunga haraka tukasema sababu tumeipata, kumbe tulikuwa hatujaipata kabisa.

Mazingira

Kwetu baiskeli si mchezo wa watoto, ni punda wa nyumba. Mtoto anaamka, anafunga majerikani mawili kwenye keria, lita 20 kila moja, hizo ni kilo 40 kabla hujampima yeye mwenyewe, anaenda kisimani, anarudi, anabadilisha shati, anaenda shule na baiskeli ileile. Na zenyewe ni zile nyeusi za chuma, nzito, breki zake ni za fimbo za chuma zinazovuta raba kwenye rimu, mvua ikinyesha unavuta breki leo inashika kesho. Kingine ni kwamba ni za watu wazima. Mtoto wa miaka 12, 13 hafiki kwenye kiti vizuri, kwa hiyo anapitisha mguu chini ya bomba la juu anakanyaga pedeli amejipinda upande mmoja. Sisi wote tulijifunza hivyo, mimi pia. Ila mtu anayeendesha hivyo hawezi kutoa mkono kuonyesha anageukia wapi, akiutoa anaanguka, na hawezi kugeuka kuangalia nyuma. Hii muiweke akilini, nitairudia.

Kijana mwenyewe alikuwa na miaka 13, P6, yani darasa la sita, mtulivu, wa mbele kwenye hesabu. Alivuka kutoka Kongo na mama yake miaka kama miwili kabla, wakawa wanakaa kwa mjomba wake ambaye anauza maji. Baiskeli ni ya mjomba.

Sasa picha ya barabara, maana bila hiyo huwezi kuelewa chochote. Kijana anatoka nyumbani kwa njia ya udongo inayoingia lami. Akifika lami anakata kulia kuelekea shule, kama mita 600. Nyumba yao na shule ziko upande mmoja wa lami, upande wa mkono wa kulia ukiwa unaenda shule. Katikati hapo, upande huohuo, kuna kijia kingine kinachotoka kwenye senta, yani penye maduka, pale boda ndo zinapotokea, na pembeni mwa kijia kulikuwa na matete marefu kumzidi mtu. Lami yetu haina sehemu ya baiskeli. Iko lami, ukingo uliokatika, kijinjia cha waenda kwa miguu, halafu mtaro.

Uganda tunapita kushoto. Kongo wanapita kulia. Ndo maana pale Mpondwe, au Bunagana, au Ishasha, gari likivuka linabadilisha upande. Rwanda pia ni kulia ukivuka Katuna, na Sudani Kusini ukivuka Elegu. Ni wenzetu wa Busia, Malaba na Mutukula tu ndo wanavuka bila kubadilisha kitu, maana Kenya na Tanzania ni kushoto kama sisi. (Na kule Busia ndo baiskeli zilizaa neno boda lenyewe, watu walikuwa wanabebwa kutoka mpaka mmoja hadi mwingine, pikipiki zilikuja baadaye zikachukua jina.)

Asubuhi yenyewe

Ilikuwa muhula wa pili, mvua ilinyesha usiku. Saa moja kasorobo hivi, na huku magharibi saa hiyo jua bado halijatoka vizuri, unaona mtu lakini huoni uso. Kijana akatoka kwenye njia yao, akakata kulia, akaendelea na ukingo wa lami upande uleule wa kulia, yani anatazamana na magari yanayokuja. Hakuna taa, hakuna riflekta, sweta ya shule ni ya rangi nyeusi-nyeusi.

Boda akatoka kijiani na abiria, mama mmoja na kikapu chake cha nyanya. Anataka kukata kushoto. Mtu anayekata kushoto kuingia lami kwetu anaangalia kulia, maana gari la kumgonga litatoka huko, na yeye aliangalia kulia, akaona peupe, akaingia. Kijana alikuwa anatokea kushoto kwake, nyuma ya matete.

Walionana wakiwa mbali kama mita kumi. Hebu piga hesabu, baiskeli kilomita 15 kwa saa, boda anaingia na 20, wanasogeleana kwa 35, hiyo ni karibu mita kumi kwa sekunde. Walikuwa na sekunde moja. Kijana alivuta breki, rimu ina maji, haikushika. Akagonga tairi la mbele la boda, akapita juu ya usukani akaangukia bega.

Mfupa wa mtulinga ulivunjika, magoti yakachubuka. Yule mama aliumia kiwiko, nyanya zikamwagika lami nzima. Boda hakuumia ila alikuwa anatetemeka kuliko wote, anarudia tu, "Nimeangalia jamani, nimeangalia, hapakuwa na kitu." Na alikuwa anasema kweli.

Tuliyoyaamua siku zile, na kwa nini

La kwanza lilikuwa kumpeleka kijana kituo cha afya, wakamfunga mkono na kanga shingoni, wakatutuma hospitali kwa picha. Hapo sina la kulaumu, tulifanya haraka.

La pili, mzee wa stendi ya boda, mwenyekiti wa LC, yani baraza la kijiji, na mjomba wakakaa chini ya mwembe wakasikilizana. Boda alipe nusu ya matibabu, mjomba alipe nyanya za mama. Polisi hawakuambiwa mpaka siku ya tatu, na wakaja kwa sababu hospitali iliuliza. Nilikuwepo na sikusema kitu. Ajali yenye majeruhi inatakiwa ifike polisi, wote tunajua, lakini kila mtu pale alikuwa na sababu yake, boda hana leseni, mjomba anaogopa maswali ya makaratasi ya mpwa wake, mimi naogopa jina la shule. Matokeo yake ni kwamba hakuna mtu aliyepima barabara wala kuangalia lile kona la matete wakati jambo bado ni bichi, mazungumzo yote yakawa nani alipe nini.

La tatu, shule ikapiga marufuku baiskeli. Mkuu wetu ni mtu mzuri, sikatai, alifanya hivyo kwa uchungu, wazazi wawili walikuja kulia ofisini. Marufuku ilidumu wiki tatu. Baiskeli hazikuacha kuja, ziliacha kufika getini tu, watoto wakawa wanaziacha nyuma ya maduka ya senta, tena pale kwenye kijia cha boda, hatari ikaongezeka badala ya kupungua. Na wale wanaotoka kilomita tano sita, hasa wasichana wanaofanya kazi za nyumbani kwanza, wakaanza kufika saa tatu au wasifike.

La nne, tukamleta afisa wa trafiki azungumze paredi ya asubuhi. Alikuja vizuri na nguo zake nyeupe, watoto walimpenda. Akasimama mbele, akanyoosha mkono wake wa kushoto juu, akasema "Baiskeli ni huu upande, upande gani?" watoto wote wakanyoosha mkono, "Huuu!" Mimi nilikuwa nyuma nikahesabu mikono nikashtuka. Wengi wa madarasa ya chini walinyoosha wa kulia. Walikuwa wanamtazama yeye, mkono wake wa kushoto uko upande wa kulia kwao, wakaiga kama mtu anavyoiga kioo. Kwa hiyo tuliwafundisha vibaya, kwa sauti kubwa, wakishangilia.

La tano ndo linaniuma zaidi. Tukasema, aa, huyu kijana ni Mkongo, huko kwao wanapita kulia, mwili wake bado uko Kongo. Ilikuwa maelezo matamu, kila mtu aliyapenda, mimi ndo niliyetoa. Tukawaita watoto wote waliotoka Kongo, kumi na kitu, tukawakalisha peke yao darasani tukawaambia hapa ni Uganda, hapa ni kushoto. Wenzao wakawa wanachungulia dirishani. Wiki nzima wakawa wanaitwa "kulia-kulia" uwanjani.

Hatukumuuliza

Kijana alirudi shule baada ya wiki kama nne, mkono bado una woga. Siku moja jioni nikatembea naye kwenda kwao, nilikuwa nampelekea mjomba ujumbe. Tukiwa njiani nikamuuliza, kama mazungumzo tu, siku ile kwa nini ulipita upande ule. Nilitegemea aseme nilisahau, au nilidhani niko Kongo.

Akaniangalia kama mtu anayeulizwa kwa nini anakula kwa mdomo. Akasema, "Mwalimu, masomo iko huu upande. Na kwetu iko huu upande. Nikienda ule ngambo, nitakata lami mara mbili. Mama alikataza kukata lami."

Nikanyamaza. Akaongeza, "Na jioni napita hapahapa, hakuna mtu ananigombeza."

Ni kweli. Jioni anaporudi, upande uleule ndo kushoto kwake, yuko sawa kabisa kisheria. Ukingo uleule, mawe yaleyale, jioni ni halali na asubuhi ni kosa, na hakuna mtu aliyewahi kumweleza kwa nini. Yeye kwake ule ni upande wa nyumbani, basi.

Kesho yake nikaamka mapema nikakaa kwenye jiwe karibu na geti nikaangalia nani anapita wapi. Banange. Karibu nusu ya watoto wa baiskeli wanaotoka upande ule walikuja na mkono wa kulia, na wengi wao ni wazaliwa wa hapahapa, babu zao wamezikwa hapa. Nikawasimamisha wachache nikawauliza. Wengine majibu kama ya kijana, sitaki kuvuka. Wengine wakanijibu kitu ambacho kilinirudia mimi mwenyewe: "Mwalimu, wewe ulitufundisha tuangaliane na gari."

Na niliwafundisha! Tangu P1 tunaimba, mwenda kwa miguu apite kulia aone gari linalokuja. Ni sahihi kabisa kwa miguu. Lakini mtoto akipanda baiskeli hahisi kama amegeuka kuwa kitu kingine, anahisi ni yeye yuleyule amekaa juu ya kitu, kwa hiyo anabeba sheria ya miguu. Kwa sheria ya barabara yetu, ile ya 1998, baiskeli ni chombo cha barabarani, inaenda na magari upande wa kushoto. Hatukuwahi kuwaambia sehemu hiyo. Wimbo wetu uliishia kwenye miguu.

Tulichobadilisha

Marufuku iliondolewa. Nilimwomba mkuu aje akae na mimi kwenye jiwe asubuhi moja, hakuhitaji maneno mengi.

Kisha tukagombana kidogo na yule afisa wa trafiki, kwa heshima lakini tuligombana. Yeye anasema sheria ni kushoto, mtoto avuke mara mbili, kwisha. Mimi nasema mtoto anayeendesha amejipinda chini ya bomba, hawezi kugeuza shingo, hawezi kutoa mkono, ukimwambia avuke lami mara mbili alfajiri umemtoa kwenye moshi umemtia kwenye moto. Mwishoni tukakubaliana kitu ambacho sote tuliona kinashikika. Mtoto ambaye kiti chake kinamfaa, anafika chini na vidole vya mguu, anaweza kuendesha kwa mkono mmoja bila kuyumba, huyo anavuka kwa miguu pale juu kwenye mnyooko unapoona mbali pande zote, anapanda, anakaa kushoto, anashuka tena mkabala na geti anavushwa na wanafunzi wa P7 wenye vibendera. Mtoto ambaye bado anapitisha mguu kwenye fremu, asubuhi haendeshi pale kabisa. Anasukuma. Akisukuma yeye ni mwenda kwa miguu, anapita kwenye kijinjia upande wake uleule wa nyumbani anatazamana na magari, wimbo wa P1 unafanya kazi. Mita 600 ni dakika nane za kusukuma. Jioni apande akitaka.

Na kabla mtoto hajasukuma au kuvuka tulimtembeza. Hatukufanya paredi tena. Watoto watano sita kwa mara moja, tunatembea ile njia yenyewe, mimi nikiwa mbele nimewapa mgongo ili mkono wangu wa kushoto uwe upande wa kushoto wao. Pia tukafunga kitambaa chekundu kwenye mshikio wa kushoto wa usukani, sheria ikawa: ukipanda, chekundu kikae upande wa majani, kikiwa upande wa katikati ya lami shuka. Hata wa P3 wasiojua kushoto na kulia walishika siku hiyohiyo.

Matete yalifyekwa na wazazi Jumamosi moja, saa mbili, panga saba, chai na mihogo. Wenye boda walikuja wanne, na yule boda wetu ndo alifyeka kuliko wote. Mzee wa stendi akatoa amri yake mwenyewe kwamba kwenye kile kijia boda inasimama kabisa, mguu chini, anaangalia kulia, kushoto, kulia tena, ndo anaingia. Wanaitii? Asubuhi ndiyo, mchana inategemea.

Fundi wa senta akaja siku mbili kukagua breki. Nyingi zilikuwa na raba zilizokauka kama kigae. Riflekta tulikata kutoka kwenye stika zinazong'aa za malori, vipande tulivyopewa, tukabandika kwenye madigadi ya nyuma na kwenye pedeli.

Hali ilivyo sasa

Mihula miwili imepita, hapo hapajatokea mgongano mwingine. Sisemi ni kazi yetu, mita 600 na mihula miwili ni kitu kidogo, bahati nayo ipo. Kijana amepona, bega liko na kinundu kidogo ambacho anaonyesha wenzake. Mjomba alimshushia kiti mpaka mwisho na bado hafiki vizuri, kwa hiyo asubuhi anasukuma. Siku ya mvua kubwa nilimkuta amepanda, upande wa kulia, kofia usoni. Aliponiona akashuka, akacheka.

Wale watoto wa Kongo tuliwaomba radhi, mbele ya paredi, mimi nikiwa na kipaza sauti. Jina la kulia-kulia lilipungua ila halikuisha.

Kilichofanya kazi na kilichokwama, kwa maoni yangu

Matete. Nikiambiwa nichague kimoja tu katika yote nitachagua matete. Kwa kufyeka tuliwapa boda na mtoto sekunde tatu nne badala ya moja, hata kama mmoja wao amekosea upande bado wana nafasi ya kusimama. Mafunzo yanamtegemea mtoto akumbuke kila asubuhi akiwa na usingizi, kona iliyo wazi haimtegemei mtu kukumbuka.

Kitambaa chekundu kinafaa kuliko maneno kushoto na kulia, hilo sina shaka. Ila kinaoza, kinaibiwa, na baiskeli ya mjomba jioni inabeba maji, mtu anakifungua anafungia jerikani.

Kusukuma kunafanya kazi kwa wadogo. Wavulana wa P7 wanaona ni aibu, wanapanda mita hamsini baada ya kunipita. Hapo sijapata dawa.

Kuvuta breki mapema kwenye maji tulisahau kabisa kuwafundisha watoto kwa vitendo, tulitengeneza raba tukadhani yamekwisha. Raba mpya kwenye rimu ya chuma iliyolowa bado inachelewa, mtoto anatakiwa aiguseguse mapema ili rimu ikauke kwanza. Muhula huu tumemwaga maji uwanjani tukawafanya wajaribu, walifurahi mno, matope mpaka masikioni, na ndo nikaona wengi wao walikuwa hawajui kabisa baiskeli yao inasimama umbali gani.

Helmeti watu wananiuliza sana. Kanuni za helmeti kwetu zinawaandama wenye pikipiki, na hapa kijijini sijaona ya mtoto ikiuzwa. Ikipatikana avae. Lakini niliona mkutano mzima wa wazazi ukiisha kwenye mjadala wa helmeti ambazo hakuna aliyekuwa na pesa za kununua, na mapanga yako nyumbani.

Kuhusu barabara yenyewe, Uganda ina sera ya usafiri usio wa injini tangu 2012, inasema waendesha baiskeli na waenda kwa miguu wapewe nafasi yao. Tuliandika barua ya kuomba ukingo uwekwe lami na matuta karibu na geti, mwenyekiti wa LC akagonga mhuri, ikapelekwa wilayani. Tumepewa nakala yenye saini ya kupokelewa. Mjini magari yanatakiwa yapunguze mwendo, pale kwetu ni senta ndogo kwenye mteremko, malori ya mpakani yanashuka yanavyotaka.

Mvua zimeanza tena na matete yameshafika kiunoni. Jumamosi hii tunafyeka.